Diski Isipojibu, Kompyuta Ingoje Hadi Lini?

Katika orodha ya kazi za mfumo endeshi ambayo wanafunzi wa kidato cha pili wamekuwa wakiikariri kwa miaka mingi chini ya mtaala wa 8-4-4, ipo kazi moja ambayo aghalabu hupewa mstari mmoja tu: kushughulikia makosa. Mwalimu huiandika ubaoni, mwanafunzi huinakili daftarini, mtihani ukija huipatia alama yake moja, kisha huisahau. Hakuna anayeuliza kosa lenyewe hushughulikiwaje, na nani, wala kwa muda gani. Kwa maoni yangu, mstari huo mmoja una uzito kuliko yote mingine katika orodha hiyo, na kuupuuza kwetu kumekwisha kutugharimu mengi.

Hebu tuanze na jambo jepesi. Mwalimu wa Machakos ameketi mbele ya kompyuta ya shule na anataka kufungua faili ya alama za wanafunzi wake. Programu anayoitumia haijui diski iko wapi wala ina umbo gani. Huomba tu ipewe faili hiyo. Ombi hupokewa na mfumo wa faili, ambao hulitafsiri kuwa nambari za sekta. Nambari hizo hukabidhiwa draiva, yaani ile programu ndogo iliyomo ndani ya mfumo endeshi ambayo kazi yake ni kuzungumza na diski kwa lugha ya diski. Draiva huandika amri, huikabidhi kwa kidhibiti, kisha huiachia kompyuta iendelee na mengine huku ikingoja ishara kwamba kazi imekwisha. Diski ya kawaida ya sahani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, hivyo mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 8.3. Ukiongeza muda wa mkono wa kusomea kusogea mahali pake, jibu hupatikana ndani ya milisekunde 20 hivi. Kwa jicho la mwanadamu, hiyo ni papo hapo.

Sasa tuseme sekunde nzima imepita bila ya ishara. Kisha mbili. Kisha kumi. Kumetokea nini? Yamkini diski ilikuwa imelala ili kuokoa umeme, na sasa ndiyo kwanza sahani zake zinaanza kuzunguka. Yamkini imekuta sekta iliyochoka nayo inairudia kuisoma mara baada ya mara bila ya kumwarifu yeyote. Yamkini waya umelegea. Yamkini diski imekufa. Hali hizi nne hazina dawa moja, ilhali zote huifikia draiva kwa sura ile ile, nayo ni kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakutwambia mshindo wenyewe utakuwa wa namna gani.

Msomaji asiyejali habari za diski ataielewa dhiki hii upesi akikumbuka simu yake. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa mwezi wa Machi 2007, ni wazazi wangapi wametuma karo kisha wakaketi wakiutazama uso wa simu bila ya ujumbe wa kuthibitisha kufika? Fedha zimekwenda au hazikwenda? Ukituma tena, huenda ukalipa mara mbili. Usipotuma, huenda mtoto akarudishwa nyumbani. Mtu mwenye busara huuliza salio kwanza, maana anajua kwamba kukosekana kwa jibu hakumaanishi kukosekana kwa tendo. Ombi huenda halikufika kabisa. Huenda limefika na bado linashughulikiwa. Huenda limekwisha kutimizwa na jibu ndilo lililopotea njiani.

Draiva ya diski imo katika hali hiyo hiyo, tofauti ikiwa kwamba haina nambari ya kupigia huduma kwa wateja. Kwa sababu hiyo watunzi wa mifumo endeshi huipa kila amri ukomo wa kungoja. Ukomo huo ukipita, draiva huruhusiwa kuchukua hatua. Nawasihi walimu wenzangu wawasisitizie wanafunzi jambo hili: ukomo kupita hakuna maana ya kazi kushindikana. Kilichokwisha kwa hakika ni uvumilivu wa anayengoja tu, na asiyetofautisha mambo haya mawili ataandika programu itakayoharibu data za watu huku ikidhani inaziokoa.

Katika Linux, mfumo unaotumika katika seva nyingi mno duniani, ukomo wa kawaida wa amri ya diski ni sekunde 30. Zikipita, mfumo haukimbilii kutangaza msiba. Kwanza hujaribu kuifuta ile amri moja iliyokwama. Ikishindikana, huiamuru diski hiyo peke yake ianze upya. Hilo nalo likishindikana, huianzisha upya njia nzima inayotumiwa na diski kadhaa, halafu kidhibiti chenyewe. Yote yakigonga mwamba, ndipo diski hutangazwa kuwa imetoka katika huduma, na kila aliyekuwa akiingoja hupewa jibu la kushindwa.

Mpango huu naupenda, kwa kuwa unaanza na dawa ndogo kabla ya kufika kwenye kisu. Lakini msomaji asidhani kwamba ngazi hizo ni za bure. Njia inayoshirikiwa ikianzishwa upya, amri za diski jirani ambazo hazikuwa na kosa lolote hupotea pia na hubidi zitumwe tena. Ni kama kufunga bomba kuu la mtaa mzima kwa sababu mfereji wa nyumba moja umeziba. Mara nyingine diski moja mbovu huwaangusha jirani zake wazima kwa ajili ya tiba anayopewa, wala si kwa ajili ya ugonjwa wake. Fundi anayekuja baadaye hukuta diski nne zinalalamika, na akikosa subira atazitupa zote.

Hapa pana hatari nyingine ambayo hata waandishi wa programu wenye uzoefu huisahau. Draiva inapoomba kusoma, huitengea amri hiyo sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta, na kidhibiti huja kuziandika data humo moja kwa moja bila ya kupitia kwa kichakato kikuu. Tuseme draiva imechoka kungoja, imeitoa sehemu ile, na sasa imepewa programu nyingine. Baada ya kitambo diski iliyodhaniwa kuwa imekufa inazinduka na kuleta mzigo wake. Mzigo huo utatuliwa juu ya mali ya mtu mwingine. Mfano wake ni mtu aliyemtuma kijana wake Wote, akakawia hadi mwenye nyumba akakata tamaa na kumpa mgeni kitanda chake. Usiku wa manane kijana anarejea na gunia la maembe begani, naye analibwaga pale pale gizani. Kwa hiyo kuifuta amri iliyochelewa ni sharti. Draiva haina haki ya kuigawa kumbukumbu ile mpaka ipate hakika kwamba diski nayo imeachana na amri yenyewe, na kama hakika hiyo haipatikani kwa upole, basi ipatikane kwa kuianzisha diski upya.

Uandishi nao una mtego wake. Kuandika sekta ile ile mara mbili kwa maneno yale yale hakudhuru. Lakini ikiwa amri ya kwanza ilichelewa tu, kisha programu ikaandika maneno mapya mahali pale pale, amri ya zamani ikifika nyuma ya mpya italifuta jipya na kurudisha la kale. Alama ya mwanafunzi iliyosahihishwa kutoka 47 hadi 74 itarudi kuwa 47, na hakuna kitakachoonyesha kwamba jambo limeharibika.

Turudi kwenye swali la muda. Je, sekunde 30 ni nyingi au ni chache? Jibu lategemea diski imetengenezwa kwa ajili ya nani. Diski za bei nafuu zinazowekwa katika kompyuta za mezani hudhani kwamba ziko peke yake na kwamba nakala nyingine haipo, kwa hiyo zikikuta sekta mbovu hupambana nayo kwa muda mrefu, mara nyingine hata kupita dakika nzima. Diski za seva hudhani kwamba kuna mwenzake mwenye nakala. Hizo huwekewa kikomo cha sekunde 7 hivi, kisha husema wazi kwamba zimeshindwa na data zikasomwe kwingine. Sasa mtu akizichukua diski za bei nafuu na kuziunga pamoja katika seva ya shule ili apunguze gharama, sekta moja mbovu itaifanya diski ipambane kimyakimya kupita sekunde 30, draiva itaidhania imekufa, na diski yenye afya asilimia 99 itafukuzwa kutoka kundini. Wakati wa kuijenga upya nakala yake juu ya diski nyingine, diski ya pili hukuta sekta yake mbovu, nayo ikafukuzwa vivyo hivyo. Hivyo ndivyo data nzima zinavyopotea pasipo diski hata moja kufa kwa kweli.

Kwa upande mwingine, kampuni ya Amazon huwashauri wateja wanaokodisha diski zake za mbali, zile zinazofikiwa kupitia mtandao, waupandishe ukomo wa kungoja katika Linux hadi kiwango cha juu kabisa kinachokubalika, yaani sekunde 4,294,967,295. Nimepiga hesabu: hiyo ni miaka 136. Ushauri huo si wa wazimu. Diski ya namna hiyo haiwezi kulegea waya ndani ya sanduku lako, na tatizo likitokea, wenyewe watalitengeneza upande wao, kwa hiyo kungoja ni bora kuliko kuvunja. Lakini huo ni uvumilivu wa mtu mwenye jirani tajiri, na hauwezi kuwa kanuni ya maabara ya sekondari. Nambari yoyote ya ukomo inategemea dhana fulani kuhusu ulimwengu, na mwanafunzi afundishwe kuiuliza nambari hiyo imetoka wapi.

Kurudia nako kuna hesabu yake. Draiva za Linux zimezoea kuirudia amri ya diski hadi mara 5 baada ya jaribio la kwanza. Kila jaribio likimaliza sekunde 30, hizo ni dakika 3. Sasa tuseme programu iliyo juu nayo imeandikwa na mtu mwangalifu aliyeamua kujaribu mara 3 kabla ya kukata tamaa: dakika 9. Na mwalimu aliyeketi mbele ya skrini, naye akibonyeza tena kitufe kile kile kwa kuwa haoni kitu? Kila tabaka limefanya lililoona kuwa ni busara, na jumla ya busara hizo ni kompyuta iliyoganda. Isitoshe, programu iliyo katika usingizi wa kuingoja diski haiuliki hata kwa amri kali kabisa ya kuua, kwani mfumo hauthubutu kuiondoa huku kumbukumbu yake ikiwa bado imekabidhiwa diski. Linux huandika onyo katika daftari la matukio programu inapokwama hivyo kupita sekunde 120. Onyo hilo huandikwa mahali ambapo mwalimu wa kawaida hajapata kuonyeshwa.

Nimetaja kuganda, na hapa hatuzungumzi nadharia. Katika mwaka wa 2023 pekee, Kenya ilipatwa na giza la karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti, tarehe 11 Novemba na tarehe 10 Desemba, mbali na yale makato madogo madogo ya umeme ambayo wakazi wa vijiji vya Machakos hawayahesabu tena. Kila umeme unapokatika ghafla, yapo maandishi ambayo diski ilikuwa imeyapokea katika kumbukumbu yake ndogo na kusema "tayari", ilhali hayajafika kwenye sahani. Umeme unaporudi, mfumo wa faili hulisoma daftari lake na kujaribu kujinusuru.

Nilishuhudia tukio moja katika shule ya milimani. Umeme ulirudi saa nne asubuhi, kompyuta iliyohifadhi miradi ya darasa ikawashwa, ikaonyesha skrini nyeusi yenye kistari kinachomweka. Ndani yake ilikuwa ikihangaika na diski: kusoma, kungoja, kuanza upya, kusoma tena. Nje haikusema neno. Mwanafunzi aliyetumwa kuiangalia alingoja dakika mbili, akaizima kwa kitufe, akaiwasha. Akafanya hivyo mara tatu. Mara ya nne haikuwaka, na kazi ya muhula mzima ikawa imekwenda na maji. Kijana alikemewa mbele ya wenzake. Mimi simlaumu. Kompyuta haikumwambia kwamba inafanya kazi, wala kwamba imeshindwa, wala kwamba angoje. Aliyestahili kukemewa ni yule aliyeitunga ile skrini nyeusi.

Wakongwe wa mfumo wa DOS watakumbuka kwamba disketi ilipogoma, mashine ilisimama na kuuliza swali fupi: uache, ujaribu tena, au ukubali kushindwa? Swali hilo lilichekwa sana, na kweli watu wengi hawakujua wajibu nini. Hata hivyo, liliwaheshimu. Liliwajulisha kwamba kuna jambo, na kwamba uamuzi ni wao. Mifumo iliyofuata ililifanya swali hilo kuwa la ndani, ikajijibu yenyewe, na mara nyingi ikajijibu vibaya.

Ushahidi wa hayo tuliishi nao kwa miaka mingi bila ya kuujua. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka wa 2002, limezipelekea shule nyingi za nchi hii kompyuta zilizokarabatiwa, na shule nyingine zilijinunulia mitumba yake. Katika enzi hiyo, nyingi za mashine hizo ziliendeshwa na Windows XP. Draiva ya diski ya mfumo huo ilikuwa na kanuni hii: ikikutana na jumla ya makosa 6 ya ukomo kupita au ya data kuharibika njiani, iteremshe mwendo wa kusafirisha data ngazi moja. Makosa yakiendelea, iteremke tena, hadi kufikia ule mwendo wa kale ambapo kichakato chenyewe hubeba kila neno mgongoni. Kanuni ina mantiki. Ukiona barabara mbovu, punguza kasi. Kasoro ilikuwa katika hesabu. Makosa yalijumlishwa bila ya kufutwa hata kama kati ya kosa na kosa yamepita maelfu ya maombi mema. Kompyuta iliyolala na kuamka kila siku ingeweza kuyafikisha makosa hayo sita kidogo kidogo. Mashine ambayo diski yake haikuwa na dosari yoyote iliteremshwa daraja, na hakuna kilichoipandisha tena. Microsoft yenyewe baadaye ilitoa marekebisho yaliyoifanya hesabu hiyo irudi sifuri ombi linapofaulu.

Ni kompyuta ngapi zilizotolewa kwenye madarasa yetu zikiambiwa zimezeeka, kumbe zilikuwa zikitumikia adhabu ya makosa sita ya zamani? Idadi yake hakuna aliyeihesabu. Ninachoamini ni kwamba mwalimu aliyefundishwa jinsi draiva inavyofikiri angeitambua hali ile kwa kufungua dirisha moja la mipangilio, akaiokoa mashine bila ya kutumia hata shilingi moja.

Ubaya mkubwa kuliko wote, hata hivyo, si kungoja mno wala kuteremka mno. Ni kusema uongo. Mwaka wa 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani walichapisha uchunguzi wao wa mifumo ya faili na draiva za diski katika Linux. Walifuatilia habari ya kosa inavyosafiri kutoka chini hadi juu, tabaka kwa tabaka, wakakuta kwamba katika takriban asilimia 13 ya mahali ilipopaswa kupokewa na kupitishwa, habari hiyo ilidondoshwa tu. Diski imesema "nimeshindwa", draiva imesikia, na mmoja wa wapokezi wa katikati ameimeza habari. Programu iliyo juu ikaambiwa kwamba kila kitu ni shwari.

Miaka 10 baadaye, mwaka wa 2018, watunzi wa hifadhidata ya PostgreSQL waligundua jambo lililowatoa jasho. Programu yao ilikuwa imezoea kuuamuru mfumo uhakikishe kwamba maandishi yamefika kwenye diski. Ikiambiwa imeshindikana, ilirudia amri hiyo baadaye, na mara ya pili iliambiwa imefaulu. Walidhani kurudia kumeliponya kosa. Kumbe Linux, baada ya kuliripoti kosa mara moja, iliziona zile kurasa za kumbukumbu kuwa safi na haikujaribu tena kuziandika. Kufaulu kwa mara ya pili kulimaanisha tu kwamba hapakuwa na lolote lililobaki la kuandikwa. Data zilikuwa zimepotea. Marekebisho yaliyotolewa mwezi wa Februari 2019 yalikuwa makali: hifadhidata ikiambiwa mara moja kwamba uandishi umeshindikana, isimame pale pale, kisha ijijenge upya kutoka katika daftari lake. Kusimama huko kunawaudhi watumiaji. Mimi nakuunga mkono bila ya kusita. Karani anayefunga dirisha na kusema daftari limeharibika ana faida kwangu kuliko anayepokea fedha yangu huku akiandika hewani.

Najua wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya nadra, na kwamba diski za siku hizi haziharibiki ovyo. Uchunguzi wa diski milioni 1.53 uliochapishwa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba katika muda wa miezi 32, asilimia 3.45 ya diski hizo zilipatwa na sekta zisizosomeka. Asilimia hiyo yaonekana ndogo. Lakini maabara yenye kompyuta 30 yenye bahati ya aina hiyo ingetarajia moja hivi yenye tatizo, na diski hizo zilizochunguzwa zilikuwa zikitunzwa katika vyumba safi na umeme usiokatika. Zetu hukaa kwenye vumbi jekundu la kiangazi.

Wapo pia watakaosema kwamba haya ni mambo ya mainjinia wa ng'ambo, nasi kazi yetu ni kutumia tu. Hao nawaalika wasafiri kilomita 60 hivi kutoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, wafike Konza. Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa mji huo wa teknolojia mwezi wa Januari 2013, katika ardhi ya ekari 5,000 iliyokuwa ranchi ya Malili, kwenye mpaka wa kaunti za Machakos na Makueni, na leo kuna kituo cha kitaifa cha kuhifadhi data. Diski za humo nazo hunyamaza. Nani atakayeisoma habari ya kunyamaza huko saa nane usiku na kuamua kama ni waya au ni kifo? Ningependa awe kijana aliyesomea Machakos, katika shule zetu na katika Chuo Kikuu cha Machakos kilichopata hati yake mwaka wa 2016. Lakini kijana huyo hatapatikana ikiwa tangu kidato cha pili tumemfundisha kwamba diski huombwa na diski hujibu, basi.

Hata upimaji wetu umeegemea upande mmoja. Mwanafunzi huleta mradi wake wa maktaba au wa duka. Mwalimu hujaza jina la kitabu, hubonyeza, na kitabu kikionekana alama hutolewa. Sijapata kuona mwalimu akiuchomoa waya wa diski ya nje katikati ya uandishi ili aone programu ya mwanafunzi itasema nini. Wengi wangeshtuka kugundua kwamba haitasema lolote. Ningependekeza robo ya alama za mradi ziwekwe hapo: programu ikinyimwa diski, je, inamwambia mtumiaji ukweli kwa lugha anayoielewa, au inaganda, au inadanganya? Watahini wakilitia hilo katika mizani, shule zitalifundisha mwezi ujao, tunajijua.

Wala somo hili halihitaji fedha. Ndani ya Linux, ambayo hupatikana bure, zimo diski za kubuni zilizotungwa mahsusi ili ziugue. Ipo iitwayo dm-delay, ambayo hujibu kwa kuchelewa kadiri utakavyoiagiza. Ipo dm-flakey, ambayo huwa nzima kwa sekunde kadhaa, kisha huanza kushindwa, kisha ikapona. Ipo scsi_debug, ambayo hujifanya diski kamili na kukubali kufundishwa makosa ya kila namna. Mwalimu anaweza kuziunda katika kompyuta yoyote yenye Linux, pasipo kugusa data za shule.

Kipindi kimoja cha dakika 40 chatosha kuanzia. Dakika 10 za kwanza wanafunzi wanakili faili kwenye diski ya kubuni iliyo nzima na kuandika muda uliotumika. Dakika 10 zinazofuata mwalimu aipe ugonjwa wa kuchelewa, wanafunzi wabashiri kwanza kabla ya kupima. Kisha aipe ugonjwa wa kushindwa, nao wafungue daftari la matukio ya mfumo na kusoma, mstari kwa mstari, ni amri ipi iliyokataliwa, sekta ipi iliyotajwa, na ni kosa gani lililorudishwa kwa programu. Dakika zitakazobaki wakae wawili wawili wajibizane swali moja: hiyo programu ya kunakili iliyosema imemaliza, ilijuaje?